Meza Ikipinduliwa

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikatika tangu mchana. Kufika jioni kibanda changu cha uwakala hapa Igowole kilikuwa kimejaa vijana kuliko siku ya malipo ya chai, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutoa hela. Walikuja kuuliza. Saa kumi na mbili na nusu Manchester United na Arsenal walikuwa wanaingia uwanjani Old Trafford, na mikeka ya watu haijulikani imeingia au haijaingia.

Kijana mmoja, fundi pikipiki, alininyooshea simu yake. Shilingi 5,000 zimetoka kwenye laini, meseji ya muamala hii hapa. Tovuti ya kampuni anayobetia haifunguki, kiduara kinazunguka tu. Fedha za simu zilikuwa zinakwenda, maana ile ya kubonyeza nyota na reli haihitaji intaneti. Kwa hiyo mlango wa kuingizia hela ulikuwa wazi, mlango wa kuchezea umefungwa.

"Mama wakala, sasa hela yangu iko wapi?"

Nikampa jibu ambalo mawakala wote tumelikariri: mtandao unasumbua. Niliona aibu kabla sijamaliza kulitamka.

Kibanda umiza cha jirani kina dishi, na dishi halikuwa na habari na matatizo yetu. Mechi ikaonekana vizuri kabisa, mvua ya Manchester ikimwagika kutoka kwenye paa la uwanja kama bomba limepasuka. Trossard akafunga, Arsenal wakashinda 1-0. Mkeka wa fundi ungetiki. Intaneti iliporudi, mkeka haukuwapo, na salio lake linasoma sifuri. Huduma kwa wateja wakamwambia atume picha ya meseji ya muamala. Alikuwa ameshaifuta, simu yake ilikuwa imejaa.

Baadaye tulielezwa kwamba nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hapakuwa na mdukuzi. Lakini kwa mtu aliyeweka dau lake, waya kukatika na waya kukatwa ni kitu kimoja: meza imepinduliwa, na aliyeshika hela za watu hasemi kitu. Swali la afanye nini mimi nililiona likijibiwa nikiwa mtoto, hapa hapa Igowole, na aliyelijibu alikuwa amekalia kopo la Blue Band.

Mama yangu alikuwa na mgahawa nyuma ya soko. Ukitoka Nyololo, ukaacha barabara kuu ya Mbeya, unaingia kwenye misitu ya mbao na mashamba ya chai, na Igowole ndipo watu wa pande zote mbili walipokutana kutumia hela. Wachuma chai wakilipwa, mgahawa unajaa. Msimu wa mvua ulanzi unakuja kwa madebe: asubuhi mtogwa, mtamu, hata sisi watoto tulionjeshwa, jioni umeshakuwa mkangafu, na wanaume wanaanza kuongea kwa sauti. Uani palikuwa na chumba cha kuwekea kuni. Humo ndimo mjomba wangu alikuwa na meza.

Kamari ilikuwa kosa. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza ilikataza nyumba ya kuchezea kamari, na wakati huo huo serikali yenyewe ilikuwa ikiuza tiketi za Bahati Nasibu ya Taifa. Mjomba hilo lilimchekesha sana. Alisema tofauti yake na serikali ni muhuri.

Sokoni walikuwapo pia watu wa karata tatu, wale wa kuinamisha karata juu ya kreti na kumwambia mpita njia aitafute yenye picha, huku wapambe wao wakijifanya wateja wanaokula. Hao mjomba aliwadharau. Kwake kamari ilikuwa mchezo wa watu waliokubaliana, na mwenye meza hachezi. Anachukua kidogo chake kila mzunguko, basi. Pale walicheza mchezo wa karata tatu za mkononi: unaweka dau kabla ya kuona, unatazama, kisha unaongeza au unatupa. Miaka mingi baadaye nilipoona poka kwenye simu nilijua mara moja kwamba ni ndugu yake.

Hela za dau zilikaa kwenye kopo la Blue Band, lile kubwa. Na juu ya ubao wa mlango, kwa ndani, mjomba aliandika kwa chaki: kila mchezaji na alama yake, kila shilingi 5 mstari mmoja. Watu walimcheka kwa ile chaki. Mtu anayejua kuhesabu kichwani kuliko karani wa kiwanda, chaki ya nini?

Nadhani ilikuwa 1985, kwa kuwa nilikuwa darasa la nne. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka kahawa. Niliingia na birika, karabai inavuma, watu sita mezani, na dau lilikuwa limepanda hadi watu wameacha kutaniana. Ghafla jiwe likapiga karabai kutoka dirishani. Kioo kikapasuka, giza. Nikasikia meza inainuka, kiti kinaanguka, mtu ananikanyaga mguu, na mikono ya watu inapapasa kwenye ubao wa meza. Mjomba akasema neno moja tu, "Chini!", kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Akawasha kiberiti. Alikuwa hajanyanyuka mahali pake, na kopo hakuna anayeliona. Alikuwa amelikalia.

Sasa hapo ndipo penye somo lenyewe. Mjomba hakutoka kumkimbiza aliyerusha jiwe, ingawa kila mtu alijua ni kijana mmoja wa kule kwenye vilabu aliyekuwa amemwomba mjomba "chai" wiki iliyopita ili meza ikae salama, akanyimwa. Wala hakusema mchezo uendelee kwa kibatari. Alichukua kibatari cha mama, akakisogeza mlangoni, akasoma chaki. Mmoja mmoja akamrudishia alichoweka, mbele ya wengine wote. Mtu mmoja, dereva wa lori la mbao, akagoma. Alikuwa ameshika karata tatu za picha moja, akazitupa mezani zionekane. Akasema dau lote ni lake. Na kweli, zilikuwa karata za kushinda.

Mjomba akamjibu, "Kaka, mkono wako ni mzuri. Lakini hawa watano hawajafunga mkono wao, taa imewafungia. Chukua dau lako." Na ile sehemu yake ya mzunguko, ya mwenye meza, naye akaitoa mfukoni akaigawa sawasawa. Dereva alitukana usiku mzima. Mwisho wa mwezi alirudi kucheza.

Kijana wa jiwe hakupewa chai hata baada ya hapo. Mjomba alinunua karabai ya pili, akaiweka kona nyingine, akaziba dirisha kwa mbao. Ilimgharimu kuliko chai aliyoombwa. Mama alimwambia hivyo, tena kwa ukali. Mjomba akasema akimpa huyu, kesho watarusha mawe wawili.

Nimeisimulia hadithi hii kirefu kwa sababu historia yote ya kamari ya mtandaoni, kwa jinsi ninavyoielewa, ni hadithi ya usiku ule ikirudiwa kwa mashine kubwa zaidi. Aliyenifungua macho ni mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo Iringa mjini. Anacheza poka kwenye simu usiku kucha na kunidanganya kwamba anasoma. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mtu anaweza kuangusha tovuti bila kuiba hata senti: anateka kompyuta za watu maelfu wasiojijua, anaziamuru zote zibishe hodi kwenye seva moja kwa wakati mmoja, na mteja wa kweli anakosa pa kupita. Jiwe kwenye karabai.

Novemba 2003 watu waliitumia barua pepe kampuni ya BetCRIS ya Costa Rica, iliyokuwa ikipokea mikeka ya michezo ya Marekani: lipeni dola 40,000 au tunawaangusha msimu wa mechi kubwa. Mkuu wa kampuni, Mickey Richardson, akamtafuta kijana fundi wa mitandao huko California, Barrett Lyon. Tovuti iliangushwa, ikainuliwa, ikaangushwa tena, kwa majuma. Lyon akajenga chujio la kupokea mafuriko yale na kupitisha wateja peke yao. Kazi hiyo ikawa kampuni, Prolexic. Walitumia hela nyingi kuliko walizodaiwa. Lakini wale waliorusha mawe walifuatiliwa hadi Urusi, na mwaka 2006 mahakama ya huko ikawafunga vijana watatu miaka 8 kila mmoja. Kampuni nyingine za wakati ule zililipa kimya kimya. Ndiyo maana barua ziliendelea kuja.

Kwa upande wa poka yenyewe, meza ya kwanza ya hela halisi kwenye intaneti ilikuwa Planet Poker, Januari 1998. Mwaka uliofuata watafiti wa programu wakaisoma kanuni ya kuchanganyia karata, ambayo waliotengeneza programu waliitangaza wenyewe ili watu waamini kwamba ni ya haki. Kumbe mashine ilianza kuchanganya kwa kutazama saa: milisekunde ngapi zimepita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000, na kwa kompyuta hizo ni chache. Ukiijua saa ya seva, na ukiona karata zako na zile zilizofunuliwa, unajua za wenzako. Watafiti walisema hadharani, programu ikarekebishwa. Hapo sina neno, kila mtu alifanya kazi yake.

Absolute Poker ndiyo iliyonikasirisha. Mwaka 2007 wachezaji walilalamika kwamba kuna mtu anacheza kana kwamba anaona karata za wote. Kampuni ikakana. Kisha mchezaji mmoja alipoomba kumbukumbu za mashindano aliyoshindwa, akatumiwa faili lenye karata za kila mtu, na ndani yake ikaonekana wazi kwamba mtazamaji mmoja alikuwa na jicho la ndani. Mwizi alikuwa wa nyumbani. Tovuti ndugu yake, UltimateBet, ikakutwa na ugonjwa huo huo, na fedha za kurudishia watu zikafika mamilioni ya dola. Kilichowaumbua ni rekodi yao wenyewe. Chaki haichagui upande.

Na Full Tilt je? Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kubwa za poka, na ndipo ikajulikana kwamba Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake duniani kama dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na kama milioni 60. PokerStars, ambayo nayo ilifungiwa siku hiyo hiyo, iliwalipa wachezaji wake wa Marekani ndani ya majuma machache kwa kuwa hela zao zilikuwa zimewekwa kando. Mimi ni wakala, nalijua jaribu hilo vizuri. Hela ya mteja ikiwa kwenye droo unaanza kuiona kama yako. Mjomba hakuwahi kununua hata sukari kwa hela ya kopo.

Hao hao PokerStars wana kanuni iliyoandikwa ya mashindano yakikatika katikati, kabla ya kufika hatua ya kulipwa zawadi: nusu ya zawadi inagawiwa sawasawa kwa waliobaki, nusu nyingine kwa kadiri ya chipu alizonazo kila mmoja. Nimefikiri mara nyingi juu ya yule dereva wa lori. Kanuni hii inahesabu chipu, si karata, kwa hiyo mkono wake mzuri usingemsaidia hapa pia. Lakini kanuni ilikuwapo kabla ya giza, na hilo ndilo kubwa. Agosti 2018 partypoker waliposhambuliwa, walisimamisha mashindano na kuwarudishia watu. Mwaka mmoja kabla yake, Phil Nagy wa Winning Poker Network alijitokeza mwenyewe kwenye video, uso wake unaonekana, kuwaeleza wachezaji kwamba meza zao zinapigwa. Unaweza kubishana na mengi ya watu hawa. Lakini hawakusema mtandao unasumbua.

Turudi nyumbani. Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka 2003, ikaanzishwa Bodi, na kamari iliyokuwa ya chumba cha kuni ikatoka nje na leseni ukutani. Kwanza lilikuja dubwi. Mashine ile ya kumeza sarafu za shilingi 200, taa zinawaka, muziki wa ajabu, iliwekwa hadi kwenye duka la vocha. Vijana wakagundua kufunga sarafu kwa uzi, kuishusha na kuivuta. Mwenye dubwi alipojua, alikuja usiku akalipakia kwenye gari na sarafu zote zilizokuwa tumboni, na waliokuwa wakidai ushindi wao hawakumwona tena.

Kisha simu. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na kwa kamari hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko sheria yoyote, kwa sababu sasa mchuma chai wa Kibao angeweza kumfikia mwenye meza aliye Dar es Salaam au Malta bila kuondoka shambani. Mwaka 2017 jina la SportPesa likaingia kwenye jezi za Simba na Yanga, nao wakawaleta Everton na Wayne Rooney Uwanja wa Taifa. Kuanzia hapo kibanda changu kikawa kituo cha kubeti hata kama sikutaka. Vijana humwita mwenye kampuni "Mhindi", awe Mserbia awe Mkenya. Silipendi jina hilo, ila linaonyesha jambo: mwenye meza hana uso. Ukiliwa, umeliwa na jina la utani.

Julai 2023 majirani zetu Kenya walionja shambulio lenyewe. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilifurikia eCitizen, mfumo wa huduma za serikali, na siku hizo M-Pesa ya huko ikatetereka, watu wakakwama kulipa hata umeme. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani. Mashambulio kama hayo hapa kwetu ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ianze kutumika tarehe 1 Septemba 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu aijulishe Tume iliyoundwa na sheria hiyo zikivujishwa. Sawa. Aliyerusha jiwe ana sheria yake, na Tume itaambiwa. Fundi wangu wa pikipiki ataambiwa na nani?

Sisemi kamari ni nzuri. Mjomba alikufa na nyumba ya bati nusu, nyasi nusu, na kati ya waliokaa mezani kwake wawili waliuza mashamba. Mimi sijawahi kubeti hata mia. Lakini serikali ikishatoa leseni na kuchukua kodi, basi meza ni halali, na meza halali isiwe na adabu ndogo kuliko ya chumba cha kuni. Nilichokiona usiku ule hakikuhitaji fundi kutoka California: mchezo ulisimama, hesabu ikasomwa mbele ya watu, dau likarudi kabla ya mtu kulidai, na mwenye meza naye akatoa chake. Aliyepoteza hakuulizwa ushahidi, maana chaki ilikuwa ya mwenye meza.

Kampuni ina chaki kubwa kuliko ya mjomba. Kila shilingi 5,000 iliyoingia tarehe 12 Mei ina namba ya muamala, saa na dakika, kwenye kompyuta yao na ya kampuni ya simu. Kumwambia mtu alete picha ya meseji ni kumtaka mchezaji ndiye atunze mlango wa mwenye meza. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ingeweza kuliandika hili kwenye leseni kwa mistari mitatu ya Kiswahili: mkeka usiothibitishwa, dau lirudi kwenye laini lilikotoka ndani ya saa 24, bila kuombwa, na sababu itangazwe kwa meseji, iwe ni waya, mdukuzi au mwizi wa ndani.

Mpaka hapo watakapoandika, ndugu msomaji unayebeti, hata kama simu imejaa, futa picha, futa nyimbo, ila meseji ya muamala usiifute.